Ndugu Wawili wa Msitu wa Nachingwea

Anayetoka Masasi kwenda Nachingwea mwezi wa Oktoba hukutana na kioja kabla hajazimaliza zile kilomita 45. Mvua haijanyesha tangu Mei. Nyasi zimeungua, njia za kuingia vijijini zimekuwa unga mtupu, mikorosho ya kando ya barabara imefunikwa na vumbi. Na katika ukame huohuo msitu unachipua. Majani machanga yanatoka mekundu, mengine ya rangi ya shaba, mengine ya waridi, na kwa majuma machache mteremko mzima hauna kijani hata kidogo. Mvua yenyewe bado iko mbali. Itakuja mwishoni mwa Novemba, au Desemba ikichelewa.

Siri iko kwenye mizizi. Miti hii huchota maji kwenye kina ambacho jua la kiangazi halikifikii, ikayatumia kuvika matawi mapema, ili tone la kwanza likidondoka majani yawe yamekomaa na tayari kwa kazi. Wekundu nao una kazi yake. Ni rangi iitwayo anthosayanini, na wataalamu wengi wanaona kwamba hulikinga jani changa na jua kali mpaka kijani chake kitimie.

Abiria wa basi hutazama dirishani, wakasema "miombo", wakaendelea na mazungumzo yao ya bei ya korosho. Hawajakosea. Ukanda wa miombo unashika eneo kubwa la kusini na magharibi mwa Tanzania, ukaingia Msumbiji, Malawi, Zambia na Zimbabwe, ukapita kusini mwa Kongo hadi Angola. Ni moja ya misitu mikubwa ya maeneo yenye kiangazi kirefu duniani. Lakini humo ndani mna jenasi nzima ya Brachystegia, yenye spishi zaidi ya ishirini, na kati yake mbili zinatosha kumweka mtu njiani siku nzima kati ya Nachingwea na Ruangwa asimalize kuzitazama.

Hapa zitaitwa mtondo na myombo. Mtondo ni Brachystegia spiciformis, myombo ni Brachystegia boehmii. Wamwera, Wayao, Wamakua, Wamakonde na Wangindo wanaishi pamoja katika wilaya hizi, kila lugha ina majina yake ya miti, na jina la kijiji hiki huweza kupewa mti mwingine kabisa ukishavuka mto mmoja tu. Kwa hiyo majina ya Kilatini, pamoja na ugumu wake kinywani, husaidia watu wasibishane.

Upande wa Ruangwa, katika kijiji kimoja chenye msitu wake wa hifadhi, mjumbe wa kamati ya maliasili alikubali kunitembeza. Ni mzee aliyewahi kupasua mbao kwa miaka mingi kabla hajawa mlinzi wa msitu uleule, na hakuona haya kulitaja hilo. Baada ya shikamoo na maswali ya ulikotoka, alivunja kijitawi, akakigeuza juu chini, akaanza kuhesabu kwa ukucha wa kidole gumba.

"Moja, mbili, tatu, nne. Basi. Huu mtondo, mwanangu."

Kijiti kimoja cha katikati kilibeba majani madogo yaliyokaa mawili mawili, jozi nne. Mtondo huwa na jozi 3 hadi 5, mara chache zaidi ya hapo. Ni majani mapana kiasi, na jozi ya mwisho, ile ya nchani, ndiyo kubwa kuliko zote. Ukiliangalia jani zima unaona linapanuka kadiri linavyoelekea mwisho. Hatua chache mbele alivunja kijitawi cha pili, na safari hii hakuhesabu. Hakukuwa na haja. Majani ya myombo ni membamba, yamesongamana kwenye kijiti chake kuanzia jozi 13 hadi 28, na jani zima huning'inia kwa uzito wake. Likiwa changa na jekundu huteremka mfano wa shada, na Waingereza wa Rhodesia waliliona wakakumbuka manyoya ya nembo ya mwana wa mfalme wao, wakaupa mti jina hilo. Kila mtu huona kwenye mti kile alichokizoea kwao.

Kwa jani peke yake, basi, hata mtoto wa darasa la pili angezitofautisha. Ugumu unakuja mahali pengine. Simama mita hamsini kutoka kwenye miti yenyewe: magome yote ni ya kijivu, matawi yote yanapanda yakitanuka, vilele vyote vimelala bapa. Mtondo ukipata ardhi nzuri huenda juu mita 20 na kuzidi, wakati myombo mara nyingi haufiki mita 16, lakini mtondo mfupi na myombo mrefu wako tele. Maganda ya mbegu yanafanana pia. Ni bapa, magumu, ya rangi ya kahawia, na yote hupasuka kwa kishindo kiangazi kinapokolea. Pande mbili za ganda hukauka, zikajikunja kila moja upande wake, ganda likaachia ghafla na mbegu zikarushwa mbali na mama yao. Mchana wa Septemba msituni milio hiyo husikika kila upande, na mgeni hugeuka akidhani kuna mtu anavunja kuni.

Halafu kuna machotara. Spishi za Brachystegia huzaliana zenyewe kwa zenyewe, na pale zinapokutana hutokea miti ambayo haiko huku wala kule: jozi saba za majani, au tisa, jozi ya mwisho haijawa kubwa wala ndogo. Waliotunga vitabu vya mimea ya Afrika Mashariki na Kati waliteswa na jambo hilo. A. C. Hoyle wa Oxford alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi kwenye jenasi hii moja, na hata hivyo mipaka kati ya baadhi ya spishi bado ina ukungu. Nilimwonyesha mzee jani moja la namna hiyo. Alilitazama, akalitupa. "Hili halina kabila," alisema, akaendelea kutembea.

Mambo kama haya yako kwingine pia. Ulaya kuna miti migumu ya jenasi Carpinus, ambayo zamani mafundi waliitengenezea meno ya magurudumu ya vinu kwa sababu haikubali kuchakaa haraka. Spishi mbili, Carpinus betulus na Carpinus orientalis, hukutana nchi za Balkani, na kwa mbali humchanganya mgeni. Huamuliwa kwa jani dogo linalobeba mbegu: la wa kwanza lina ncha tatu, la wa pili halina, lina meno tu pembeni. Na kwenye msitu wa Epping, kando ya London, miti ya Carpinus ilikatwa matawi kwa karne nyingi ili mji upate kuni, ikachipua, ikakatwa tena. Mkazi wa Ruangwa angezielewa habari hizo bila mkalimani, maana ndivyo mtondo na myombo inavyoishi na watu. Ukikata, kisiki hakifi. Kinatoa machipukizi, na kama moto na shoka vikikaa mbali, baada ya miaka mti upo tena.

Jina la boehmii limetoka kwa Richard Böhm, mtaalamu wa wanyama kutoka Ujerumani aliyefika Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1880 na wenzake, wakiwemo Paul Reichard na Emil Kaiser. Böhm alifia Katanga mwaka 1884, hajatimiza miaka 30. Mwaka 1895 Paul Taubert aliuandika mti huu rasmi akampa marehemu heshima hiyo. Mtondo ulishapata jina lake la Kilatini miaka 29 kabla, mwaka 1866, kwa mkono wa Mwingereza George Bentham. Hakuna hata mmoja kati ya Taubert na Bentham aliyewahi kukanyaga msitu wa miombo. Walifanya kazi yao kwa matawi makavu yaliyosafirishwa kwa meli.

Tofauti kubwa zaidi kati ya ndugu hawa haiko kwenye jani. Iko chini ya miguu.

Kuanzia Nachingwea mjini kuelekea Ruangwa, ardhi hupanda na kushuka kwa mawimbi marefu, na kila wimbi lina mpangilio wake. Juu au katikati ya mteremko, ambako udongo ni mwekundu, una kina na maji hayatuami, hapo ndipo mtondo unapojaa na kurefuka. Ukikaribia vilima vyenye mawe, ambako jembe hugonga mwamba baada ya shubiri moja, mtondo unapungua na myombo unashika zamu. Ukishuka chini karibu na mbuga, penye udongo mzito unaoshika maji masika na kupasuka kiangazi, myombo unaweza kutokea tena pembezoni kabla miti yote haijakoma na nyasi kuanza. Si sheria isiyovunjwa. Kuna mitondo kwenye mawe na miombo kwenye udongo mzuri. Lakini ukitembea mteremko mmoja kutoka juu hadi bondeni, ukiangalia majani tu, unakuwa umeusoma udongo wake.

Mpangilio huo ulipata jina lake la kisayansi hapahapa Tanganyika. Geoffrey Milne, mkemia wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, alipendekeza mwaka 1935 kwamba udongo wa Afrika Mashariki usichorwe kwenye ramani kama madoa yasiyohusiana, bali kama mnyororo unaojirudia kutoka kilimani hadi bondeni. Aliuita katena, kwa Kilatini cha mnyororo. Leo wanafunzi wa udongo duniani kote hujifunza neno hilo, wengi bila kujua lilitoka kwenye mashamba na misitu ya Tanganyika. Miaka hiyohiyo B. D. Burtt, mtaalamu wa mimea wa idara ya utafiti wa mbung'o Shinyanga, alikuwa akizunguka nchi akiandika ni miti ipi inaota na ipi, na kwenye udongo gani. Burtt alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1938 pamoja na mkuu wake, C. F. M. Swynnerton, na kazi yake kubwa juu ya uoto wa Afrika Mashariki ilichapishwa mwaka 1942.

Maarifa yalikuwepo, basi, vitabuni na vichwani mwa wakulima. Ndiyo maana habari ya karanga inauma zaidi ikisimuliwa Nachingwea kuliko mahali pengine.

Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Kwa wiki 9 walizunguka nchi, sehemu kubwa kwa ndege, wakarudi na mpango wa mashamba 107, kila moja la ekari 30,000. Jimbo la Kusini, ambalo kitovu chake kingekuwa Nachingwea, lilipangiwa mashamba 55, zaidi ya nusu ya mpango wote. Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia baada ya vita, na karanga zilionekana jibu la haraka. Vifaru vya vita vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Minyororo ya nanga za meli ilifungwa kati ya matrekta mawili na kuburutwa ili iangushe miti. Gharama zilizokadiriwa kuwa pauni milioni 25 zilipita milioni 36, na Januari 1951 serikali ikatangaza kwamba mpango umekufa.

Kongwa, eneo jingine la mpango huo, ndiko kulikopata umaarufu wa aibu, kwa mibuyu yake na udongo uliogeuka zege wakati wa ukame. Nachingwea ilikuwa na mvua bora zaidi. Tatizo lake la kwanza lilikuwa kufikika: hapakuwa na bandari ya kufaa wala reli, vyote ikabidi vijengwe. Reli ilitoka pwani ya Lindi hadi Nachingwea mwaka 1949, bandari ya Mtwara ikafunguliwa mwaka 1954, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli yote iling'olewa. Tatizo la pili lilikuwa miti yenyewe. Mtondo uliokomaa, wenye mizizi iliyotafuta maji chini kwa miongo kadhaa, hauanguki kwa unyonge wa kichaka cha Kongwa. Mimi nadhani kulikuwa na tatizo la tatu ambalo halikuwekwa kwenye hesabu: dirishani mwa ndege, mtondo na myombo ni rangi moja. Ekari 30,000 zilizochorwa kwa rula hukata mnyororo wa Milne kila baada ya kilomita chache, zikachanganya udongo mzuri, mawe na mbuga ndani ya shamba moja, kisha meneja akaambiwa alime vyote sawasawa.

Nachingwea haikuisahau enzi hiyo. Kata ya Stesheni bado inaitwa Stesheni ingawa hakuna treni iliyopita hapo kwa zaidi ya miaka sitini. Farm 17 iliendelea kuitwa kwa namba yake ya mpango wa karanga hata ilipogeuka kambi ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO katika miaka ya 1960, kambi ambayo Samora Machel aliiongoza kabla hajawa rais wa chama, kisha wa Msumbiji. Na karanga zenyewe zilipata haki yake baadaye, kwa njia ya polepole: watafiti wa kilimo wa Naliendele na kituo chao cha Nachingwea wamezalisha mbegu kwa ajili ya wakulima wadogo, na mojawapo inaitwa Nachingwea 2009.

Ruangwa ilikuwa sehemu ya Nachingwea hadi ilipopewa wilaya yake mwaka 1995. Watu wa nje waliisikia kupitia Kassim Majaliwa, aliyekuwa mbunge wake na, kuanzia 2015, waziri mkuu, au kupitia timu ya soka ya Namungo. Wawekezaji waliisikia kwa sababu ya kinywe, yale madini meusi yanayohitajika kwenye betri za magari ya umeme. Kwa anayefuata miti, Ruangwa ni wilaya ya vilima, na vilima ni nchi ya myombo.

Huko mzee wangu alichangamka zaidi, kwa sababu myombo ndio mti wa kamba. Alichanja gome la tawi kwa panga, akalivuta, likatoka utepe mrefu bila kukatika. Upande wa ndani ni mwekundu na una utomvu unaokausha ulimi. Ni tanini, ile inayotumika kusindika ngozi. Utepe ukitafunwa au kulowekwa, nyuzi zake hujitenga na kusokotwa kamba ya kufungia kuni, kuezekea, kubebea mzigo wa nyama. Gome la mtondo nalo hutoa kamba, lakini aliponipa nivute tepe zote mbili, ule wa mtondo ulikatika mapema. Zamani magome ya miombo yalipondwa hata yakawa nguo. Mizinga ya nyuki ya magome hutengenezwa kwa kulivua shina gome lote kwa duara, na hapo mti hufa. Ndiyo sababu maofisa wa nyuki wanahimiza mizinga ya mbao, na ndiyo sababu warina asali wa zamani huwasikiliza kwa heshima, kisha wakarudi kwenye gome, maana mzinga wa gome ni mwepisi na haununuliwi.

Asali ya msitu huu inatokana kwa kiasi kikubwa na ndugu hawahawa. Maua ya Brachystegia ni madogo, hayana rangi ya kumvutia mpiga picha, lakini nyuki huyajua. Kuanzia Septemba mpaka mvua zinapokaribia, ukisimama chini ya mtondo uliochanua unasikia mlio wao kabla hujaona ua lolote.

Chini ya ardhi kuna biashara nyingine. Mizizi ya mtondo na myombo imefungwa na nyuzi za uyoga zinazoisaidia kupata fosforasi na maji kwenye udongo uliochoka. Uyoga nao hulipwa sukari na mti. Mvua zikishika, Desemba hadi Machi, uyoga huo hutokeza juu: wa manjano, mweupe, mwekundu wa kutisha, na akina mama huingia msituni alfajiri na ndoo. Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Finland, pamoja na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliuandikia uyoga wa Tanzania kitabu kizima mwaka 2003. Uhusiano huo una maana kwa mkulima pia: miti ikiondolewa yote, na nyuzi za uyoga wake zinakufa, na kuurudisha msitu si suala la kumwaga mbegu peke yake.

Kwa mbao, ndugu hawa wana sifa mbaya. Mninga, mpingo na mkongo ndiyo miti wanayoiulizia wafanyabiashara Lindi yote, na mingi mikubwa imekwisha kwenye maeneo yanayofikika kwa gari. Mtondo uko kila mahali lakini hakuna anayeukimbilia. "Ukiupasua leo, kesho ubao umejipinda," alisema mzee, na alisema kama mtu anayelalamikia jamaa wa karibu. Nyuzi zake zimefungamana, ni mzito, misumeno hulalamika, na mchwa huupenda usipotiwa dawa. Myombo ni vivyo hivyo. Kwa hiyo soko limeipangia kazi moja: mkaa. Humo ndani ya tanuri tofauti zote hupotea. Gunia la mkaa halisemi ni jozi nne au ishirini.

Shoka kubwa zaidi, hata hivyo, halimilikiwi na mchoma mkaa. Linamilikiwa na ufuta. Zao hilo limeleta fedha Lindi kwa namna ambayo mahindi hayakuweza, na hustawi vizuri kwenye shamba jipya lililofyekwa na kuchomwa moto. Baada ya misimu michache magugu hushika na mkulima husogea mbele. Na mkulima anayejua kazi yake huchagua kwa kutazama miti: penye mitondo mirefu ndipo penye udongo wa kulima, kwa hiyo ndipo panapofyekwa kwanza. Kwenye vilima vya mawe myombo unabaki, haujalindwa na sheria yoyote zaidi ya ubaya wa ardhi yake. Ukipita barabara ya Ruangwa leo utaona milima imefunikwa na mabonde yamefunguka, na mgeni anaweza kudhani hivyo ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Tembo wao wana upendeleo wa kinyume. Huko Chizarira, Zimbabwe, utafiti uliochapishwa mwaka 1975 ulionyesha jinsi tembo walivyochangia kuuangamiza myombo kwa kuvua magome na kuangusha miti. Upande wa magharibi wa Nachingwea, kuelekea Kilimarondo na Liwale, msitu unaungana na nchi ya tembo wa Selous, na wanavijiji wanawalalamikia kwa sababu ya mahindi na mihogo.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu katika ardhi yake, kuuandikia mpango, kuvuna kwa kiwango na kuweka mapato yake. Kuanzia mwaka 2018 mradi wa FORVAC, uliofadhiliwa na Finland, uliziweka Liwale, Nachingwea na Ruangwa katika kundi lake la Lindi na kusaidia vijiji kupima misitu na kutafuta soko. Wanakamati hupima vipenyo vya miti kwa utepe, ekari baada ya ekari, wakaandika jina la kila mmoja. Jambo ambalo miradi ya namna hii hulirudia ni kwamba kijiji hakiwezi kuishi kwa mininga michache iliyobaki; lazima miti ya kawaida, ikiwemo mitondo, ipate bei. Ukikaushwa taratibu kwenye kivuli na kutiwa dawa, mtondo hutoa ubao unaofaa kwa sakafu na mataruma ya reli. Fundi wa mjini hana muda wa kukausha taratibu, na mteja wake hana subira, kwa hiyo mambo yanakwenda polepole.

Moto nao wanakamati wanauzungumzia sana. Wana haki, lakini jibu si kuuzima wote. Huko Ndola, Zambia ya leo, vitalu vya majaribio vilianzishwa mwaka 1933 na kuchomwa kwa ratiba tofauti kwa miongo kadhaa. Vilivyochomwa mwishoni mwa kiangazi kila mwaka viliishia kuwa nyasi na vichaka. Vilivyochomwa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, vilibaki msitu. Vilivyokingwa kabisa vilianza kuingiliwa na miti ya kijani kibichi isiyo ya miombo. Vijiji vinavyochoma kingo zake Mei na Juni vinafanya kile ambacho majaribio hayo yalionyesha, katika matokeo ambayo mtafiti Colin Trapnell aliyachapisha mwaka 1959.

Kwa anayetaka kuwaona ndugu hawa kwa macho yake: aje kati ya mwisho wa Septemba na mwanzo wa Novemba kwa ajili ya majani mekundu, alale Nachingwea, na asubuhi achukue bodaboda badala ya basi, kwa sababu basi halisimami penye mti. Aanze kwenye tambarare za mjini, penye udongo mwekundu na mashamba ya zamani ya mpango wa karanga, ambako mitondo michache mikubwa imeachwa kwa ajili ya kivuli. Akielekea Ruangwa, asimame kwenye kilima chochote chenye mawe na ahesabu majani. Kabla ya kuingia msitu wa kijiji apite ofisi ya mtendaji, ajitambulishe na alipe ushuru kama upo. Kamati zinakuwa kali kwa wageni wenye daftari, na zina sababu. Anayependa uyoga kuliko rangi asubiri Januari, lakini ajue kwamba udongo mweusi wa mabondeni hunasa pikipiki hadi ekseli, na akinasa, gome la myombo lililo karibu litamfaa kwa kuivuta.